Bibi Tome Alivyokufa kwa Sababu ya Blanketi

Blanketi lilifika Nezusawa, kijiji cha milimani Japani, asubuhi ya mvua, ndani ya sanduku kubwa hivi kwamba tarishi alilibeba mgongoni kama mtu anayemkimbiza mgonjwa hospitali. Lilitoka Port Hallow, mji mdogo wa Nyuzilandi, ambao umekuwa mji-rafiki wa Nezusawa tangu enzi zile Mkuu wa kijiji bado ana nywele. Urafiki wenyewe si mgumu. Nezusawa hupeleka matunda ya kaki yaliyoanikwa, Port Hallow huleta kitu cha sufu, kila upande unashukuru, basi.

Safari hii walileta blanketi la kufumwa kwa mkono, buluu na kijani, zito utadhani kondoo mwenyewe bado yumo. Juu yake palikuwa na kadi. Kwenye kadi palikuwa na neno moja tu la Kiingereza: Sori.

Shirota-san, katibu wa ofisi ya kijiji, alilikunjua mbele ya wenzake. Pembe ya kwanza safi. Ya pili safi. Ya tatu safi. Pembe ya nne haikumaliziwa. Nyuzi zilining'inia kama mikia ya panya, na palikuwa na tundu ambalo ngumi ingepita bila kugusa kitu.

Shirota-san akakohoa. Akatazama dari. Ofisi nzima ikatazama dari. Halafu akaikunja ile pembe kwa ndani, taratibu, kama anamfunika mtoto aliyelala.

"Blanketi zuri sana," akasema.

"Zuri mno," wakaitikia.

Hakuna aliyeona tundu. Nezusawa zawadi haina tundu. Ukiletewa kaki lililooza, unausifia mti.

Shida ikabaki neno. Zawadi lazima ijibiwe, na huwezi kujibu kitu usichokijua. Ndipo akaitwa Kotoha.

Kotoha alikuwa na miaka kumi na sita na sauti ndogo mpaka mwalimu wake wakati mwingine alimwandika hayupo huku amekaa dawati la mbele. Aliwahi kushika nafasi ya tatu wilayani kwa Kiingereza, ila cha kuandika. Cha kuzungumza aliingia, akainama, akatoka. Wazazi wake walikuwa wanafanya kazi Nagoya, kwa hiyo aliishi na bibi yake, Tome, ambaye sauti yake ilitosha wawili. Bibi Tome aligombeza kuanzia alfajiri. Aligombeza mchele, aligombeza kunguru, na zaidi ya vyote aligombeza miguu ya Kotoha, kwa sababu mtoto alikuwa na tabia ya kukanyaga kizingiti cha mlango, jambo ambalo ni mwiko.

"We Koto-chan! Hicho unachokanyaga ni kichwa cha babu yako!"

Kila siku hivyo. Kotoha alishazoea kuamshwa na makelele hayo kama wengine wanavyoamshwa na saa.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa kijiji, juu ya mikeka, jiko la mafuta ya taa katikati na birika juu yake linapiga mluzi. Mkuu wa kijiji, Mzee Kuramochi, alikaa mahali pa heshima, mgongo kwenye nguzo. Alikuwa mzee mwenye nyusi nene na shingo nyembamba, na kabla chai haijamiminwa alikuwa ameshafumba macho. Hilo halikumshangaza mtu. Mkuu anayesinzia mkutanoni ni mkuu aliyechoka kwa ajili ya watu wake. Na tena Mkuu hasinzii. Mkuu anafikiri.

Blanketi lilikuwa katikati, limekunjwa vizuri. Uzi mmoja ulikuwa umechungulia nje. Kotoha aliuona, na palepale akaelewa kila kitu: jamaa wa Port Hallow sufu iliwaishia wakiwa wamefika pembeni, wakaona aibu, wakaandika kadi. Samahani, hatujamaliza. Akainua macho, akaona kila mtu pale ukumbini amekwishaelewa, tena bila Kiingereza chochote. Lakini kulisema hilo ni kuliona tundu. Na tundu halikuwepo.

"Haya, Kotoha-san," Shirota-san akasema, jasho linamtoka kwenye baridi. "Tunataka Kijapani kinachonyooka. Sio cha kamusi. Kama vile mtu wa hapa angesema mwenyewe."

"In... inaweza kuwa... samahani," Kotoha akanong'ona kwenye kola yake.

"Amesemaje?"

"Kasema samahani," Bibi Tome akapaza sauti kutoka nyuma, alikokuwa anamenya figili na kina mama wenzake. "Anaongea kama mbu, lakini kasema samahani."

Ukumbi ukavuta pumzi.

"Samahani ya nini?" akauliza mtawa Jakuen, mlinzi wa hekalu, mtu mnene mpole aliyependa mambo yaende polepole. "Wametukosea nini?"

"Hakuna," Shirota-san akajibu upesi. Mguu wake ulisogea ukausukuma ule uzi ndani.

"Kama hawajatukosea, na sisi tukapokea msamaha wao, si tumewaita wakosaji?"

"Na tukiukataa?"

"Tumekataa msamaha wa watu!"

"Tuwajibu kwamba ni sisi tuliokosa."

"Halafu wao waseme hapana, ni sisi. Halafu sisi tuseme jamani, ni sisi. Tutakufa tunaandikiana."

"Si tuwapigie simu tuwaulize?" akasema kijana mmoja aliyehamia kutoka Osaka. Walimtazama kwa huruma. Kumuuliza mtu anasikitikia nini ni sawa na kumvua nguo stendi. Kijana akainama, akaomba radhi, akanywa chai.

"Hakuna maana nyingine?" Shirota-san akamsihi Kotoha. "Neno dogo kama hili haliwezi kukosa ndugu."

"Kuna... ya kuuliza. Kama hujasikia vizuri. Sori? Yaani, umesemaje?"

Mtawa Jakuen akalitazama blanketi. "Linatuuliza tumesemaje?"

"Tulisema nini mara ya mwisho?"

"Tulipeleka kaki."

"Basi kaki hazikueleweka."

"Na kuna," Kotoha akaendelea, masikio yamemwiva kama pilipili, "kuna ya msiba. Mtu akifiwa. Pole."

Hapo hapo kichwa cha Mkuu kikaanguka mbele, pu, kidevu kikagonga kifua, kikarudi juu.

Birika lenyewe liliacha mluzi.

"Mkuu amekubali," akasema Shirota-san.

"Mkuu amekubali," wakasema wote, na kila mmoja akainama.

Mzee Kuramochi akafumbua macho, akaona watu wote wamemwinamia. Angeweza kuuliza nimekubali nini. Lakini kuuliza ni kukiri kwamba hakuwa anafikiri. Akakunja nyusi zake nene, akasema, "Mmh."

Ikawa imekwisha. Neno lilikuwa pole, blanketi lilikuwa rambirambi, na kilichobaki ni kidogo tu: nani kafa?

Hapo ndipo shida ilipokuwa, kwa sababu Nezusawa watu hawafi. Wanakula figili, wanapanda ngazi za hekalu, wanaendelea. Mtawa Jakuen alikiri kwamba kengele yake ya mazishi buibui wameijengea.

"Rambirambi haiwezi kupokelewa bila marehemu," akasema Shirota-san, karibu alie. "Watu wametoka ng'ambo huko kutupa pole, halafu tuwaambie hatujafiwa? Tutawaweka wapi wenzetu?"

"Mimi nipo," ikasema sauti kutoka nyuma.

Wote wakageuka. Bibi Tome alikuwa amesimama, kisu mkono mmoja, figili mkono mwingine.

"Nife mimi. Nina miaka tisini na moja, nani atashangaa? Na siku zote nimekuwa nikitaka kusikia mtasema nini. Maana nawajua. Mkijua sisikii mtasema vizuri, halafu faida yake nini?"

"Bibi!" Kotoha akasema. Hata yeye mwenyewe hakuisikia sauti yake.

"Siku chache tu, Koto-chan. Kufa ni mapumziko."

* * *

Mazishi yalikuwa mazuri, hilo kila mtu alikubali. Walitundika pazia la mistari myeupe na myeusi. Waliweka picha ya Bibi Tome aliyopigwa siku timu yake ya wazee iliposhinda ule mchezo wa kugonga mpira kwa nyundo ya mbao, meno yote nje. Mwenyewe alikaa nyuma ya kiwambo cha karatasi, kanzu yake ya kimono imekunjwa kulia juu ya kushoto, kama wanavyovikwa wafu, anatafuna biskuti za mchele na kusikiliza. Mtawa Jakuen alipomtungia jina la marehemu, kama ilivyo desturi, jina refu lenye theluji na mwezi na subira ndani yake, kiwambo kikasema, "Ongeza na figili." Mtawa akaongeza na figili.

Kisha wakatuma jibu Port Hallow. Desturi ya Nezusawa ni kwamba aliyekupa rambirambi unamrudishia kitu cha nusu ya thamani yake. Wakabishana sana nusu ya blanketi ni nini. Mmoja alisema shuka, mwingine akasema soksi, na yule kijana wa Osaka akashauri walikate tu, akanyamazishwa. Mwishowe walipeleka chai ya majani, imefungwa kwa utepe mweusi na mweupe, na picha ya marehemu akicheka.

Kotoha alidhani mambo yameishia hapo. Jioni ile Bibi Tome alivua nguo za wafu, akavaa suruali zake za shamba, na asubuhi akaenda kununua tofu, ile jibini ya soya.

Muuza tofu alipomwona alichota chumvi kwenye bakuli la mlangoni, akajirushia begani, kama mtu anavyofanya akitoka mazishini.

"Vipande viwili," akasema Bibi Tome. "Na usinipe vya jana."

Muuza tofu akamtazama Kotoha, kupitia juu ya kichwa cha bibi. "Pole sana, binti. Alikuwa mteja mzuri. Mkorofi, lakini mzuri."

"Nimesimama hapa, we Genzo!"

"Mpaka leo ni kama namsikia," akasema Genzo, akajifuta jicho. "Tofu yake nitaileta nyumbani mwenyewe, niiweke madhabahuni."

Na kweli akaileta, akaiweka mbele ya madhabahu ya nyumbani, pembeni ya picha ya babu, akagonga kikengele, akaondoka. Bibi Tome ikabidi aichukue pale madhabahuni aile. Kesho yake gari la kuwapeleka wazee kwenye mazoezi lilipita bila kusimama. Timu yake ilikuwa imeshamchukua mtu mwingine, mwanamke wa bonde la pili asiyejua hata kushika nyundo. Majirani wakileta wali, wanasimamisha vijiti katikati ya bakuli, wima, kama anavyotengewa maiti. Akisalimia barabarani, watu wanafumba macho, wanakutanisha viganja, wanamuombea.

"Hawa wamechanganyikiwa au?" akamuuliza Kotoha. Lakini hawakuwa wamechanganyikiwa. Walikuwa na adabu. Mkuu amekubali kwamba Bibi Tome amekufa. Anayeuza tofu kwa Bibi Tome anasema Mkuu alikosea. Anayesema Mkuu alikosea anasema Mkuu alikuwa amelala. Na hilo, kijiji kizima kingeyeyuka kama chumvi kabla mtu hajalisema.

Kotoha akajikaza, akaenda ofisini kwa Shirota-san.

"Naomba... bibi yangu..."

"Pole sana, Kotoha-san." Akasimama, akainama mpaka kiunoni. "Kijiji kimepoteza mtu."

"Lakini yuko nyumbani. Anaosha viatu."

Shirota-san akafunga mlango, akashusha sauti. Macho yake yalikuwa mekundu. Hata yeye alikuwa hapati usingizi. "Sikia, mwanangu. Port Hallow wamejibu. Wamelia kweli. Wanamtuma mtu, mama mmoja mzee, anakuja mwenyewe kutoa pole. Sasa unataka nimwambie nini? Vumilia mpaka aondoke."

"Akiondoka atakuwa hai?"

"Akiondoka," Shirota-san akasema, akitazama dari, "tutalifikiria vizuri."

Kotoha alikuwa mtoto wa Nezusawa. Alijua kwamba jambo la kufikiriwa vizuri ndilo limekataliwa.

Alirudi nyumbani miguu mizito, na kwa vile mawazo yalikuwa mbali, akakanyaga kizingiti katikati kabisa, mguu mzima. Akasubiri.

Hakusikia kitu.

Bibi Tome alikuwa amekaa karibu na madhabahu, magoti pamoja, mikono mapajani, ametulia kama birika lililopoa. Wali mbele yake ulikuwa na vijiti wima, na hakuvitoa.

"Bibi, nimekanyaga kizingiti."

"Si neno, mwanangu," akasema Bibi Tome kwa sauti laini ambayo Kotoha hakuwahi kuisikia maishani mwake.

"Hujala."

"Sina njaa. Nimeshaanza kuzoea." Akatazama picha ya babu. "Unajua, leo ni kama amesogea kidogo. Ananiachia nafasi."

Kotoha alisikia baridi imemwingia kuanzia kwenye nyayo. Alikanyaga kizingiti tena, kwa makusudi. Akaruka juu yake. Akasimama juu yake kwa miguu yote miwili, analia. Bibi Tome alimtabasamia tu, kwa upole, kama watu wa kwenye picha.

* * *

Mgeni alifika siku ya theluji ya kwanza. Aliitwa Elspeth, mama mrefu wa mifupa mikubwa, mvi zimesimama kama majani makavu, mwenye kulia upesi. Alivua viatu mlangoni, akaingia ukumbini, akaiona ile picha ya meno yote nje, akaitoa ukutani akaikumbatia. Watu wakashtuka, maana Nezusawa hata walio hai hawakumbatiwi.

Bibi Tome alikuwa amewekwa nyuma ya kile kiwambo cha karatasi. Safari hii hakukuwa na sauti ya biskuti. Kotoha alisikiliza sana. Hata pumzi hakuisikia.

Kotoha alikaa kati ya mgeni na kijiji, awatafsirie. Mama Elspeth alimshika mkono, akamwonyesha lile blanketi, akamweleza haraka haraka na machozi yakimdondoka: kwamba yeye ndiye aliyefuma ile pembe, kwamba sufu ya kijani iliwaishia na meli ya posta ilikuwa inaondoka, kwamba aliona aibu sana akaandika kadi, na kwamba amekuja na sufu ya kumalizia mkobani. Hakujua kwamba wakati ule ule wenzake wa Nezusawa walikuwa na msiba. Aibu iliyoje, kuwaletea wafiwa blanketi lenye tundu. Halafu akageukia kijiji kizima, akaweka mkono kifuani, akasema neno moja.

"Sori."

Wote wakamtazama Kotoha. Shirota-san alikuwa amepauka. Kotoha akamtazama Mkuu.

Na Mkuu alikuwa macho.

Kwa heshima ya mgeni, Mzee Kuramochi alikuwa amekunywa chai kali vikombe vingi. Alikaa wima kama mlingoti, nyusi juu, macho makavu, mwangalifu kama kunguru. Kotoha aliona jambo moja kwa uwazi kabisa. Akisema pole, bibi yake amekufa rasmi, mbele ya shahidi kutoka ng'ambo. Akisema ukweli wa tundu, kijiji hakitasikia. Watatazama dari mpaka atakaponyamaza. Kuna kichwa kimoja tu kilichomuua Bibi Tome, na kichwa hicho hicho ndicho kinachoweza kumfufua. Ila lazima kwanza kilale.

Akasafisha koo. Akainama. Na yule mtoto ambaye hajawahi kusema sentensi mbili mfululizo mbele za watu akaanza.

"Mgeni wetu anasema," akasema, sauti ikitetemeka, "kwamba katika msimu huu ambapo theluji ya kwanza imeshuka juu ya milima ya Nezusawa, na figili zimeanza kukaa vizuri kwenye mapipa, anaomba kwanza kuuliza hali ya afya ya Mkuu, na ya wasaidizi wa Mkuu, na ya kila nyumba, akianzia nyumba za juu..."

Akazitaja nyumba za juu. Akateremka na za chini.

"Neno moja lile?" mtu akanong'ona.

"Kiingereza ni lugha fupi," akajibiwa. "Wanabana."

"...na anasema kwamba yeye, akiwa hastahili, akiwa mtu wa mbali, mwenye mikono mizito, ambaye kwa kweli hakupaswa kukaa kwenye mkeka huu, anaukumbuka urafiki wa miji yetu, ulioanza chini ya Mkuu aliyetangulia, aliyefuatiwa na Mkuu mwingine, ambaye naye..."

Kila hotuba mbovu aliyowahi kuisikia shuleni, kila maneno ya kufunga muhula, kila salamu za afisa elimu, aliyatoa yote, akayapanga, akayarefusha. Aliongea juu ya mvua. Aliongea juu ya umuhimu wa ushirikiano. Akaeleza historia ya kaki. Mama Elspeth alimtazama kwa mshangao na heshima, akiitikia kwa kichwa kila mara, kwa hiyo kijiji kikaona kweli ndivyo alivyosema. Jiko likanguruma. Birika likaanza mluzi wake mwembamba. Nyusi za Mkuu zikashuka kidogo. Zikapanda. Zikashuka.

"...na kuhusu suala la maji taka," Kotoha akasema, sasa kwa sauti ile ile isiyopanda wala kushuka, sauti ya mkutano kabisa, "mgeni wetu anatambua kwamba bado linafanyiwa kazi, na kwamba kamati ndogo, kwa kushirikiana na kamati kubwa..."

Macho ya Mkuu yakafumba. Kotoha akavuta pumzi. Akasogea mbele kwa magoti, akapaza sauti ambayo yeye mwenyewe hakujua anayo:

"Mkuu! Mgeni wetu anauliza, je, Mkuu anaruhusu Bibi Tome awe hai kuanzia leo?"

Shirota-san alifungua mdomo ukabaki wazi. Shingo nyembamba ya Mzee Kuramochi ikayumba kushoto. Ikayumba kulia. Kotoha alidhani hiyo ni hapana. Ikasimama. Mkuu akakoroma kidogo.

"Mkuu anafikiri," akasema mtawa Jakuen kwa sauti ndogo, na kumbe yule mtu mpole, bila kumtazama mtu, alinyoosha mguu wake mnene akalisukuma jiko karibu zaidi na magoti ya Mkuu.

Joto likapanda. Kichwa kikazama, kikazama, halafu, pu. Kidevu kifuani.

"Mkuu amekubali!" Kotoha akapiga kelele.

"Mkuu amekubali," akasema mtawa.

"Mkuu... amekubali," akasema Shirota-san, na machozi ya mtu aliyetuliwa mzigo yakamtoka. "Mkuu amekubali! Kaubali kabisa!" Hata maneno yalimpinda. Kijiji kizima kikainama, na Mzee Kuramochi akaamka akaona wamemwinamia tena.

"Mmh," akasema.

Kotoha hakungoja. Alikimbilia kile kiwambo, akakisukuma kando. Bibi Tome alikuwa amekaa pale, mweupe, macho yamefumbwa, mikono mapajani. Kotoha akapiga magoti.

"Bibi. Mkuu ameruhusu."

Hakuna.

"Bibi, umesharuhusiwa."

Hakuna. Mama Elspeth alikuwa amemwona sasa. Alitazama uso, akatazama picha, akatazama uso. Kwa nyuma Genzo, muuza tofu, alikuwa na chumvi mkononi na hajui airushe au airudishe.

Kotoha aliinuka. Kile kiwambo kilikaa juu ya kizingiti cha mbao kinachogawa ukumbi, kizingiti cha zamani, kimelainika kwa kuheshimiwa na watu wote. Akapanda juu yake. Mguu mmoja. Na wa pili. Mbele ya Mkuu, mbele ya mtawa, mbele ya mgeni kutoka ng'ambo. Akakanyaga kwa nguvu mpaka ubao ukalia.

Jicho moja la Bibi Tome likafunguka.

"We Koto-chan," akasema, kwa sauti iliyokwaruza kama mlango ulioshikwa na kutu. Kisha ikapanda. "We mtoto! Mbele ya wageni! Hicho unachokanyaga ni kichwa cha babu yako! Shuka! Na nyie mnashangaa nini, mgeni hajapewa hata chai? Na wewe Genzo, hiyo chumvi unataka kuimwagia nani? Na nani ameniandikia marehemu mtaratibu kwenye tangazo la msiba, nani alisema mimi mtaratibu?"

Mama Elspeth alipiga yowe, akakaa chini ghafla, akamwangukia kijana wa Osaka. Alipopata pumzi akasema, "Sori?"

Watu wakamgeukia Kotoha wasikie tafsiri.

"Anasema anaomba chai," Kotoha akasema.

Waliletewa chai. Bibi Tome alikula tofu, akala wali, akala na sehemu ya mtawa, akigombeza kati ya tonge na tonge. Kisha akalivuta lile blanketi, akalikunjua lote mbele ya kijiji, akaingiza ngumi kwenye tundu akaitikisa upande wa pili.

"Tundu hili," akasema.

Watu wakaanza kutazama dari.

"Msitazame dari. Nimetoka kufa, sina muda wa dari. Mama, leta hiyo sufu yako."

Wale wanawake wawili wazee wakakaa magoti kwa magoti, wakamalizia ile pembe pamoja, kila mmoja akimgombeza mwenzake kwa lugha yake kwamba anashika sindano vibaya. Mzee Kuramochi aliwatazama kwa muda, halafu akafikiri.

Theluji ilikuwa imekatika walipotoka ukumbini. Genzo alikuwa amewahi kufika nyumbani kwao, na safari hii alisimama mlangoni na tofu mkononi, anasubiri mwenye nyumba aje kuipokea. Bibi Tome aliigusa kwa kidole, akasema ni ya jana. Genzo alikaribia kumbusu.

Kotoha alivua viatu, akasimama mbele ya mlango wao. Alimsikia bibi nyuma yake akipangusa theluji mabegani na kuilaumu mbingu. Akainua mguu, akaangalia kizingiti vizuri, akauweka juu yake.

"We Koto-chan!"

Akautoa. Akangoja kidogo. Akauweka tena.